Barua Isiyojibiwa: Nehru na Ufundishaji wa Historia ya Dunia

Katika masomo yote ya historia, historia ya dunia ndiyo ngumu kufundishwa. Mwalimu wa historia ya nchi moja huanza na kitu ambacho mwanafunzi amekwisha kukiona: mlima, bandari, kaburi la mfalme, au kisa alichosimuliwa na bibi yake. Mwalimu wa historia ya dunia hana pa kuanzia namna hiyo. Amekabidhiwa mataifa mengi, dini nyingi na miaka elfu kadha wa kadha, naye hana budi kuyapitisha yote katika mlango mwembamba wa darasa. Aghalabu hushindwa kwa moja ya njia mbili. Ama hulichukua bara moja akaliita dunia, na mabara mengine yakawa pambizo zake. Ama huyataja mataifa yote kwa zamu, kama karani anayeita majina, na mwanafunzi akatoka darasani na majina mengi na maana chache.

Kwa sababu hiyo yafaa kukichungua kitabu kimoja kilichojaribu njia ya tatu. Ni kitabu cha Jawaharlal Nehru kiitwacho Glimpses of World History, maana yake kuitupia jicho historia ya dunia, kilichotolewa mara ya kwanza Allahabad mwaka 1934. Ni kitabu kinene, chenye kurasa zipatazo elfu moja, walakini hakikuandikwa kama kitabu. Ni barua 196 ambazo baba alimwandikia binti yake. Tena aliyeziandika hakuwa mtaalamu wa historia wala hakuwa na maktaba, alikuwa mfungwa. Wengi wamekisifu kitabu hiki, na sifa hizo ni haki yake. Lakini sifa zikizidi huzima maswali, na swali linalostahili kuulizwa ni hili: je, njia ya barua yaweza kweli kuifundisha historia ya dunia? Na ikiwa yaweza, ni nini kinachobaki nje ya bahasha?

Barua ya kwanza ina tarehe ya 26 Oktoba 1930, nayo iliandikwa katika gereza la Naini, karibu na Allahabad. Mwaka huo ndio mwaka wa safari ya chumvi ya Gandhi, na magereza ya Bara Hindi yalikuwa yamejaa watu. Indira alikuwa anatimiza miaka 13 kwa hesabu ya kalenda ya Kihindu, na baba yake, asiye na kitu cha kumpa ndani ya kuta zile, aliamua kumpa fikira zake. Siku ya kwanza ya mwaka 1931 Kamala, mama wa mtoto, naye alikamatwa. Uandishi ulikatizwa Nehru alipofunguliwa, ukaanza tena alipofungwa tena, ukaendelea katika magereza ya Bareilly na Dehra Dun, hata barua ya mwisho ikaandikwa tarehe 9 Agosti 1933. Mwandishi alitegemea vitabu vichache alivyoruhusiwa, madaftari aliyokuwa akinukulia aliyoyasoma, na zaidi ya hayo kumbukumbu yake. Mwenyewe amekiri deni lake kwa H. G. Wells, Mwingereza aliyetoa kitabu chake cha historia ya dunia mwaka 1920.

Habari hizi zaeleza sifa ya kwanza ya kitabu. Mwalimu huyu anamjua mwanafunzi wake. Hasemi na umati. Anasema na mtoto mmoja ambaye tabia yake, mapenzi yake na huzuni yake anazifahamu. Katika barua ya kwanza anamkumbusha jinsi alivyovutiwa na kisa cha Jeanne d'Arc alipokisoma mara ya kwanza, na jinsi alivyotamani kuwa kama yeye. Kisha anamwambia kwamba mwaka aliozaliwa, 1917, ulikuwa mwaka mkubwa katika historia, na kwamba Lenin alianzisha mapinduzi ya Urusi katika mwezi ule ule aliozaliwa yeye. Hiyo ni hila njema ya ualimu. Mtoto aliyekuwa akidhani kwamba Urusi i mbali anaambiwa kuwa yeye na mapinduzi yale ni rika moja. Tangu hapo historia si habari ya watu wengine tena. Mlima ule ambao mwalimu wa historia ya dunia hana, Nehru ameupata: ni maisha ya mwanafunzi mwenyewe.

Sifa ya pili ni namna anavyoziweka tamaduni mahali pake. Katika vitabu vilivyosomwa shuleni chini ya utawala wa Waingereza, Bara Hindi na Afrika Mashariki pia, dunia ilianza Ugiriki, ikapita Roma, ikafika London, na watu wengine waliingia pale tu walipofikiwa na Wazungu. Nehru aliligeuza darubini. Anapoisimulia karne fulani hupenda kuzunguka dunia nzima: huuliza nini kilikuwa kikitendeka Uchina, nini Uajemi, nini Bara Hindi, nini kwa Waarabu na nini Ulaya wakati ule ule. Baghdad ya Harun al-Rashid na Cordoba ya Waarabu wa Hispania zimepewa nafasi ya kutosha, na Ulaya ya siku zile yaonekana kama ilivyokuwa, nchi ya pembeni iliyokuwa bado inajifunza. Milki za Java na Malaka, ambazo mwanafunzi wa siku zile hakuzisikia hata kwa jina, nazo zina sehemu yake. Msomaji huipata dunia yenye vitovu vingi, ambamo hakuna taifa lililozaliwa kuwa mwalimu wa mengine milele.

Tena havutiwi na wafalme kwa sababu ya ushindi wao peke yake. Anapomfikia Ashoka, mfalme wa Bara Hindi wa karne ya tatu kabla ya Kristo, kinachomshughulisha si kuwa aliiteka nchi ya Kalinga. Ni kuwa baada ya kuiteka aliona uchungu kwa damu aliyoimwaga, akaamuru toba yake ichorwe juu ya mwamba. Wafalme walioshinda vita ni wengi mno kuhesabiwa. Mfalme aliyeshinda kisha akaona haya ni adimu. Mwalimu anayechagua kisa cha namna hiyo anafundisha historia na kufundisha kupima mambo kwa pamoja, wala hana haja ya kuongeza hotuba.

Katika kuzieleza dini kitabu kina nguvu na udhaifu uliokaa pamoja. Nguvu yake ni uadilifu. Nehru hakuwa mtu wa ibada, naye haifichi hali hiyo. Hata hivyo hamdhihaki mwenye kuabudu, wala haifanyi dini moja kuwa kipimo cha nyingine. Buddha anaonyeshwa akisimama mbele ya makuhani na upendeleo wa tabaka zao. Yesu anaonyeshwa kama mwasi aliyekataa hali ya siku zake. Mtume Muhammad anaonyeshwa akiwapa Waarabu waliotawanyika imani na udugu vilivyowatoa jangwani na kuwafikisha Hispania katika muda usiofikia miaka mia baada ya kufa kwake. Katika nchi ambamo Wahindu na Waislamu walikuwa wakichongeana, kumwandikia mtoto wa Kihindu kurasa zenye heshima juu ya Uislamu kulikuwa tendo la siasa njema, na pia tendo la ualimu.

Walakini dini katika kitabu hiki hutazamwa kutoka nje ya mlango. Msomaji anaambiwa dini ilifanya nini: iliunganisha makabila, ilijenga dola, ilipinga upendeleo, kisha ikazaa upendeleo mpya. Haambiwi mtu anayeswali huona nini. Mwanafunzi wa Lamu au wa Unguja, ambaye amesikia adhana tangu utotoni na amekaa katika maulidi, atatambua mara moja kwamba kuna jambo halikutajwa. Vivyo hivyo mwanafunzi aliyelelewa karibu na kanisa la misheni. Ikiwa dini ni nguvu ya jamii tu, basi haielezeki kwa nini watu wamekubali kufa kwa ajili yake hata pale ambapo jamii haikuwalipa chochote. Historia inayofundishwa kwa njia ya dini haina budi kuingia ndani kidogo, ivue viatu, iketi na kusikiliza, hata kama itatoka tena bila ya kuamini.

Juu ya mapinduzi Nehru ana moto zaidi. Mojawapo ya barua zake za mwanzo, ya Januari 1931, ina jina la wito uliokuwa ukipigwa barabarani siku zile, Inquilab Zindabad, maana yake Mapinduzi Yadumu. Mtu wa Unguja, ambaye amezoea kusikia Mapinduzi Daima tangu 1964, hahitaji kuelezwa ladha ya maneno hayo. Fundisho lake ni kwamba mabadiliko ndiyo hali ya kawaida ya dunia, na kwamba taifa linalojaribu kusimama pale pale huoza. Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 na ya Urusi ya 1917 hayaelezwi kama ajali wala kama kazi ya wahuni. Mwanafunzi anaonyeshwa njaa, kodi, ubadhirifu wa wakubwa na uchovu wa vita, hata anaona kwamba jambo la kushangaza si kuwa watu waliasi, bali kuwa walivumilia muda mrefu kiasi kile.

Lakini mapenzi hupunguza nuru ya macho. Nehru alipoandika juu ya Urusi ya Kisovieti, alikuwa na kiu ya kuona nchi maskini ikijiinua bila ya kumtegemea bwana wa kigeni. Anakiri kuwa kulikuwa na shida na kushindwa. Hata hivyo, katika miezi ile ile ya 1932 na 1933 alipokuwa akiandika, mamilioni ya watu wa Ukraine, Kazakhstan na sehemu nyingine walikuwa wakifa kwa njaa iliyoletwa zaidi na amri za serikali yao wenyewe. Na ukubwa wa msiba huo haumo katika barua zake. Kumlaumu mfungwa kwa kutojua jambo ambalo serikali ililificha si haki. Ila mwalimu anayekitumia kitabu leo hana udhuru ule. Yampasa kuwaonyesha wanafunzi kwamba mapinduzi yana sura mbili, mlango unaofunguliwa na watu wanaokanyagwa wakati wa kuingia, na kwamba kuiona moja hakumwondolei mtu wajibu wa kuitazama ya pili.

Pengo lililo kubwa kuliko yote ni Afrika. Misri ya kale imo, na Misri iliyotawaliwa na Waingereza imo. Lakini Afrika iliyo kusini ya Sahara hutajwa zaidi pale inapovamiwa, watu wake wanapouzwa, au ardhi yake inapogawanywa. Hutendwa; haitendi. Timbuktu haina barua yake, Zimbabwe haina barua yake, wala Kilwa haina. Wahenga walisema kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wells aliivuta kuelekea Ulaya. Nehru, kwa haki kabisa, akaivuta kuelekea Asia. Lakini upande mmoja wa ngoma ukabaki umelegea, na ngoma iliyolegea upande haitoi sauti yake kamili.

Mtetezi wa Nehru atasema kwamba kosa si lake. Vitabu vilivyoandikwa siku zile juu ya Afrika vilikuwa vichache, na vingi vyao viliandikwa na watawala. Hilo ni kweli. Mradi wa UNESCO wa kuandika historia nzima ya Afrika ulianza mwaka 1964, na majuzuu yake manane yalichapishwa kwa Kiingereza kati ya 1981 na 1993. Mfungwa wa 1932 angeyapata wapi? Lakini utetezi huo hautoshi, kwa kuwa baadhi ya habari zilikuwapo, tena zilihusu bahari ambayo Nehru mwenyewe aliiandikia barua. Mwezi wa Aprili 1931, alipokuwa huru kwa muda, alisafiri kwa meli kwenda Ceylon, na baadhi ya barua za kitabu hiki ziliandikwa melini, juu ya Bahari ya Uarabuni. Upepo unaopita juu ya maji yale ndio uliovileta vyombo vya Gujarat hadi Mombasa na Kilwa kwa karne nyingi, vikiwa na nguo na ushanga, na ndio uliovirudisha vikiwa na pembe na dhahabu.

Kisa cha mtu mmoja chatosha kuonyesha kilichopotea. Mwaka 1331 Ibn Battuta, mwanachuoni wa Morocco, alifika Mombasa na Kilwa. Aliisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri, na akamsifu sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu. Miaka michache baadaye mtu huyo huyo alikuwa Delhi, akiwa kadhi katika utawala wa Muhammad bin Tughluq. Macho yale yale yaliyoiona Kilwa ndiyo yaliyoiona Delhi, na kwa mwenye macho hayo miji hiyo miwili ilikuwa ya dunia moja: sheria moja, lugha moja ya elimu, na desturi ya ugeni iliyofahamika kote. Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa ilitoka nyanda za Zimbabwe kwa njia ya Sofala, na sarafu ya Kilwa imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina. Historia ya dunia inayopita juu ya bahari hiyo bila ya kutua pwani ya Afrika Mashariki imekosa kituo kimoja cha safari, na mwenye kukikosa kituo hawezi kueleza shehena ilikotoka.

Tena ukumbusho wa Afrika haukutakiwa kwa ajili ya biashara tu. Nehru alitafuta mahali ambapo utamaduni, dini na mapinduzi hukutana, na mahali hapo palikuwapo. Mwaka 1905, katika kusini ya nchi iliyokuwa ikitawaliwa na Wajerumani, watu wa makabila mengi walioteswa kwa kulimishwa pamba walipokea maji ya Kinjikitile wa Ngarambe, wakaamini kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru, wakapigana hadi 1907. Waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto, walikuwa makumi ya maelfu kwa makumi ya maelfu. Miaka mitano tu kabla ya hapo, Uchina, watu waliojulikana kama Maboksa waliamini nao kwamba miili yao haitapenya risasi, wakawaendea wageni kwa imani hiyo. Mwalimu anayeviweka visa hivi viwili ubavu kwa ubavu hana haja ya kuorodhesha tamaduni. Swali moja latosha: kwa nini watu waliotengana kwa bahari nzima, wasiojuana kwa lugha wala kwa dini, walifikia tumaini la namna moja? Ebrahim Hussein alikwisha kuonyesha katika tamthilia yake Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, jinsi swali hilo linavyoweza kuulizwa kwa Kiswahili na kuuma: kwamba neno linaloviunganisha vikundi ndilo laweza pia kuwapeleka watu kwenye mauti.

Hapa ndipo asili ya kasoro za kitabu inapodhihirika, nayo ni ile ile iliyozaa uzuri wake. Hizi ni barua, na barua husubiri jibu. Lakini katika kurasa elfu moja Indira hasemi. Nyingi za barua hizi hazikuweza hata kumfikia zilipoandikwa. Zilirundikana gerezani pamoja na mwenye kuziandika. Mtoto anapendwa, anaulizwa, anashauriwa, ila hatoi neno. Elimu hii yenye upole mwingi ni elimu ya sauti moja. Na matokeo yake hayakuwa na dhamana. Mtoto yule alikua akawa Waziri Mkuu wa India, na mwezi wa Juni 1975 serikali yake ilitangaza hali ya hatari iliyodumu hadi Machi 1977, ambamo wapinzani walitiwa gerezani kwa maelfu na magazeti yakafungwa mdomo. Si halali kusema kwamba barua zilishindwa. Binadamu hatengenezwi kwa barua peke yake. Lakini ni onyo kwa kila mwalimu adhaniaye kwamba mwanafunzi aliyesikia vizuri habari za uhuru amekwisha kujifunza uhuru. Uhuru hujifunzwa kwa kujibu.

Basi thamani ya kitabu hiki kwa mwalimu wa Afrika Mashariki haimo katika kukifuata ukurasa kwa ukurasa. Imo katika kukichukua kama barua iliyoandikwa kwa nia njema na mtu aliyefungwa, asiyeweza kuona kila pembe ya dunia kutoka dirisha la chumba chake. Barua ya namna hiyo haitupwi kwa sababu ina mapengo, wala haiwekwi rafuni ikaabudiwa. Mwanafunzi wa Mombasa, wa Kilwa, wa Songea au wa Kigoma apewe kalamu, aambiwe aanze kama Nehru alivyoanza: na mwaka aliozaliwa yeye, na kitu alichokipenda utotoni, na bahari au ziwa au njia ya msafara iliyopita karibu na mji wao. Aandike kile ambacho mwandishi wa Naini hakukijua. Akifanya hivyo, barua ile itakuwa imepata jibu, na historia ya dunia itakuwa imepata msemaji mmoja zaidi.